Uvimbe wa ubongo: Mchango wa Brussels katika historia ndefu ya tiba

Unapotajwa mji wa Brussels, wasikilizaji wengi hukumbuka mara moja makao makuu ya Umoja wa Ulaya na yale ya Jumuiya ya Kujihami ya NATO. Ni wachache wanaofahamu kwamba katika mji huo mkuu wa Ubelgiji, kwenye barabara ya Emmanuel Mounier, eneo la Woluwe-Saint-Lambert, kuna ofisi isiyo na kitanda hata kimoja cha mgonjwa, lakini ambayo kazi yake imebadilisha namna uvimbe hatari zaidi wa ubongo unavyotibiwa duniani.

Ofisi hiyo ni ya Shirika la Ulaya la Utafiti na Tiba ya Saratani, linalojulikana kwa kifupi kama EORTC. Tarehe 10 Machi 2005, jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine la Marekani lilichapisha matokeo ya utafiti ulioratibiwa na shirika hilo kwa ushirikiano na madaktari wa Canada. Kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya robo karne, palipatikana ushahidi ulio wazi kwamba dawa ikiongezwa kwenye tiba ya mionzi inarefusha maisha ya wagonjwa wa glioblastoma.

Ili kuelewa kwa nini habari hiyo ilipokewa kwa uzito mkubwa, hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka 100.

Kupasua bila kuona

Tarehe 25 Novemba 1884, mjini London, daktari Rickman Godlee alifungua fuvu la kijana wa miaka 25 aliyekuwa akisumbuliwa na kifafa na kupooza mkono. Hapakuwa na picha yoyote ya kumwongoza. Mashine ya eksirei ilikuwa bado haijavumbuliwa. Mwenzake, Hughes Bennett, alikuwa amekisia mahali ulipo uvimbe kwa kufuatilia tu ni kiungo gani kilitangulia kutetemeka na kipi kilifuata kudhoofika. Uvimbe ulikutwa pale pale alipobashiri. Hata hivyo mgonjwa alifariki dunia takriban mwezi mmoja baadaye kutokana na maambukizo.

Tukio hilo lilidhihirisha mambo mawili ambayo yametawala fani hii tangu siku hiyo. La kwanza ni kwamba uvimbe wa ubongo unaweza kufikiwa. La pili ni kwamba kuufikia si sawa na kumponya mgonjwa.

Mtu aliyeugeuza upasuaji huo kutoka jaribio la kukata tamaa hadi kuwa taaluma kamili ni Mmarekani Harvey Cushing, aliyefanya kazi mjini Boston. Mwaka 1911 alieleza matumizi ya vibanio vidogo vya fedha kuzuia damu, na mwaka 1926 alianza kutumia kifaa cha umeme kukatia nyama na kuziba mishipa. Miongoni mwa vijana waliovuka bahari kwenda kujifunza kwake alikuwemo Mbelgiji Paul Martin, ambaye aliporejea Brussels aliweka msingi wa upasuaji wa ubongo nchini mwake.

Mwaka huo huo wa 1926, Cushing na mwenzake Percival Bailey walichapisha orodha ya aina za uvimbe unaotokana na seli za ubongo wenyewe, wakizipanga kwa jinsi zinavyoonekana chini ya hadubini. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kumweleza mgonjwa, kwa msingi wa kisayansi, kwamba uvimbe wa aina fulani humpa mtu miaka, na wa aina nyingine humpa miezi.

Jina moja, maradhi mengi

Leo hii Shirika la Afya Duniani, WHO, linatambua zaidi ya aina 100 za uvimbe wa ubongo na mfumo wa neva. Hata hivyo, kwa mgonjwa na jamaa zake, ni makundi machache yanayohitaji kueleweka.

Kundi la kwanza ni uvimbe uliohamia kwenye ubongo kutoka sehemu nyingine ya mwili, hasa mapafu, matiti au ngozi. Miongoni mwa watu wazima, huu ndio unaoonekana mara nyingi zaidi.

Kundi la pili ni uvimbe unaoanza katika utando unaoufunika ubongo, uitwao meninjioma. Kwa kawaida hukua polepole na mara nyingi si saratani. Karibu na kundi hilo kuna uvimbe wa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ambao unaweza kuharibu macho au kuvuruga homoni, na ule wa mshipa wa fahamu wa sikio, ambao huanza kwa kupunguza usikivu.

Kundi la tatu ni glioma, uvimbe unaotokana na seli zinazozitegemeza zile za fahamu. Humo mna astrositoma na oligodendroglioma, ambazo mgonjwa anaweza kuishi nazo kwa miaka mingi, na mna glioblastoma, iliyo kali kuliko zote. Watoto nao wana maradhi yao, hasa medulablastoma, inayoota katika sehemu ya nyuma ya ubongo.

WHO hupanga uvimbe katika daraja la 1 hadi la 4 kwa kadiri ya ukali wake. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba fuvu ni mfupa usiopanuka. Uvimbe usio saratani, ukiachwa ukue, unaweza kuua kwa kuubana ubongo tu. Kwa sababu hiyo neno la faraja, kwamba uvimbe si saratani, halimaanishi kwamba hapana haja ya matibabu.

Dalili zenyewe hutegemea mahali uvimbe ulipo. Maumivu ya kichwa yanayozidi siku hadi siku na kuwa makali alfajiri, kutapika bila sababu ya tumbo, kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hakuwa nacho, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kupungua kwa uwezo wa kuona au kubadilika kwa tabia ni mambo yanayomtaka mtu amwone daktari. Katika jamii nyingi, za Ulaya ya zamani na za Afrika pia, dalili hizo zilihesabiwa kuwa ni pepo au wazimu, na muda wa thamani ukapotea.

Kutoka hewa hadi picha

Kwa miongo mingi, kuutafuta uvimbe kulikuwa ni mateso kwa mgonjwa. Mwaka 1918 Walter Dandy wa Marekani alianza kuingiza hewa ndani ya vyumba vya maji vya ubongo ili vionekane kwenye eksirei. Mwaka 1927 Mreno Egas Moniz alifaulu kuonyesha mishipa ya damu ya ubongo kwa kuitia dawa inayozuia mionzi. Njia zote mbili zilionyesha kivuli cha uvimbe, yaani namna ulivyosukuma vitu vingine, lakini si uvimbe wenyewe.

Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko Wimbledon, Uingereza. Mashine ya CT iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe, na ubongo wake ukaonekana kipande kwa kipande bila hata tundu la sindano kichwani. Hounsfield alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini. Baadaye ikaja MRI, inayotumia sumaku badala ya eksirei, ambayo hadi leo ndiyo picha inayotegemewa zaidi kwa uvimbe wa ubongo.

Hapa ndipo Brussels inapoingia kwa nguvu. Katika hospitali ya Erasme ya Chuo Kikuu Huria cha Brussels, iliyofunguliwa mwaka 1977 katika eneo la Anderlecht, madaktari Serge Goldman na Marc Levivier walishughulikia katika miaka ya 1990 tatizo ambalo CT na MRI hazikulimaliza. Uvimbe mmoja unaweza kuwa na sehemu tulivu na sehemu kali. Sindano ya daktari ikichukua kipande kutoka sehemu tulivu, maabara itatoa jibu la kutuliza moyo ambalo si la kweli.

Walichofanya ni kuunganisha sindano inayoongozwa kwa vipimo vya kompyuta na picha ya PET. Picha hiyo huonyesha jinsi seli zinavyotumia sukari, au kiini cha protini kiitwacho methionini, vilivyotiwa chembe hafifu za mionzi. Mahali panapokula zaidi ndipo penye ukali zaidi, na ndipo kipande kichukuliwe. Hadi leo, pamoja na picha zote, jina la uvimbe huthibitishwa kwa kipande cha nyama yake, popote inapowezekana kukipata kwa usalama.

Mionzi, na madini ya Katanga

Historia ya tiba ya mionzi mjini Brussels haiwezi kuelezwa bila kuitaja Kongo. Mwaka 1915 madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe, katika Katanga, mkoa ambako Kiswahili kilikuja kuwa lugha ya migodini. Kampuni ya Union Minière ilianza kuyachimba mwaka 1921, na mwaka uliofuata kiwanda cha Olen nchini Ubelgiji kikaanza kutoa radiamu kutokana na mawe hayo.

Radiamu hiyo ilikuwa nyingi kiasi kwamba bei yake iliporomoka katika soko la dunia na wachimbaji wa Marekani wakafunga migodi yao. Kwa miaka kadhaa Ubelgiji ikatawala biashara ya bidhaa ambayo wakati huo ilikuwa silaha kuu dhidi ya saratani. Jasho la wachimbaji wa Katanga likafika katika wodi za Ulaya. Wachimbaji wenyewe na watoto wao walibaki mbali na tiba iliyotokana na jasho hilo.

Kwa uvimbe wa ubongo, majaribio ya awali ya radiamu, yakiwemo ya Cushing, hayakuleta mafanikio makubwa. Ilibidi kusubiri mashine zenye nguvu zaidi na, muhimu vile vile, hesabu za kuaminika. Mwaka 1978 utafiti wa Marekani ulithibitisha kwamba wagonjwa wa uvimbe mkali waliopewa mionzi baada ya upasuaji waliishi kwa takriban wiki 35, wakati wale wasiopewa mionzi wala dawa waliishi takriban wiki 14.

Njia nyingine ya mionzi ilitoka Stockholm, Sweden, ambako Lars Leksell alibuni mwaka 1968 mashine iitwayo Gamma Knife. Jina hilo lina neno kisu, lakini mashine yenyewe haikati chochote. Miale mingi dhaifu ya kobalti hupenya fuvu kutoka pande mbalimbali na kukutana katika nukta moja, ambako nguvu yake inatosha kuua uvimbe mdogo, huku sehemu za pembeni zikisalimika. Hospitali ya Erasme ilianza kutoa tiba hiyo Desemba 1999, kwa mashine yenye vyanzo 201 vya miale. Inafaa kwa uvimbe mdogo uliohamia ubongoni, kwa meninjioma na kwa uvimbe wa mshipa wa sikio. Haifai kwa uvimbe mkubwa, wala si jibu la glioblastoma, ambayo mizizi yake hutambaa mbali kuliko picha inavyoonyesha.

Hospitalini hapo hapo, daktari Jacques Brotchi, mzaliwa wa Liège, alijenga idara ya upasuaji wa ubongo iliyopata sifa duniani, hasa kwa uvimbe wa ndani ya uti wa mgongo, ambao wengi walikuwa wakiogopa kuugusa. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2009 aliongoza Shirikisho la Dunia la Wapasuaji wa Ubongo, na baadaye akawa Spika wa Baraza la Seneti la Ubelgiji.

Nguvu ya kuhesabu pamoja

Glioblastoma si ugonjwa wa kila siku. Hospitali moja, hata iwe kubwa vipi, huona wagonjwa wachache kwa mwaka, na daktari mmoja anaweza kudanganywa na bahati ya mgonjwa mmoja. Mbelgiji Henri Tagnon wa Taasisi ya Jules Bordet mjini Brussels aliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1962 alishirikiana na wenzake kutoka nchi nyingine za Ulaya, wakiwemo Silvio Garattini wa Italia na Georges Mathé wa Ufaransa, kuanzisha kundi la utafiti ambalo mwaka 1968 lilipewa jina la EORTC. Mwaka 1974 kituo chake cha takwimu kilifunguliwa Brussels.

Katika kundi la shirika hilo linaloshughulikia ubongo, miongoni mwa waanzilishi wa fani alikuwemo Jerzy Hildebrand wa Brussels. Wakati huo wagonjwa wa saratani wenye matatizo ya neva walikuwa hawana mwenyewe: mtaalamu wa saratani aliwapeleka kwa mtaalamu wa neva, na huyu akawarudisha.

Dawa iliyokuja kujaribiwa ilitoka Uingereza. Ilibuniwa katika miaka ya 1980 na timu ya Malcolm Stevens katika Chuo Kikuu cha Aston, mjini Birmingham, ikaitwa temozolomaidi. Ina sifa mbili: inamezwa kama kidonge, na inaweza kupenya kizuizi cha asili kinachozuia dawa nyingi kuingia ubongoni.

Kati ya Agosti 2000 na Machi 2002, wagonjwa 573 wa umri wa miaka 18 hadi 70 waliandikishwa katika vituo 85. Daktari Roger Stupp, aliyekuwa Lausanne, Uswisi, aliongoza utafiti. Kila mgonjwa alipangiwa kundi kwa kura iliyopigwa na kituo cha takwimu, si kwa matakwa ya daktari wala ya mgonjwa. Nusu walipata mionzi peke yake, mara 30 katika wiki sita. Nusu nyingine walipata mionzi hiyo hiyo pamoja na kidonge kila siku, kisha hadi duru sita za dawa.

Kura hiyo ni jambo zito. Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba ana ugonjwa usiotibika anaombwa akubali kwamba huenda asipewe dawa mpya. Lakini bila kura, hakuna anayeweza kusema kama ni dawa iliyosaidia au ni kwamba wenye nguvu zaidi ndio waliochaguliwa kuipata.

Matokeo yalikuwa haya. Katika kundi la mionzi pekee, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 12.1. Katika kundi lililoongezewa dawa, nusu waliishi zaidi ya miezi 14.6. Tofauti ni miezi miwili na nusu, na mtu anaweza kuuliza kama hiyo ni habari ya kushangilia. Lakini baada ya miaka miwili, asilimia 10.4 tu ya kundi la kwanza walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 26.5 ya kundi la pili. Takwimu za miaka mitano, zilizotolewa mwaka 2009, zilikuwa asilimia 1.9 na asilimia 9.8.

Katika toleo hilo hilo la mwaka 2005, Monika Hegi wa Lausanne alieleza sehemu ya sababu. Seli za uvimbe zina jeni iitwayo MGMT, inayokarabati madhara yanayoletwa na dawa. Kwa wagonjwa ambao jeni hiyo imezimwa, dawa hufanya kazi vizuri zaidi. Tangu hapo hadubini peke yake haikutosha tena. Uainishaji wa WHO wa mwaka 2021 unatumia jeni pamoja na umbo la seli katika kuupa uvimbe jina lake.

Si kila utafiti wa Brussels ulileta furaha. Mwaka 2017 EORTC ilitangaza kwamba bevasizumabi, dawa ya bei ghali iliyotarajiwa sana, haikurefusha maisha ya wagonjwa ambao glioblastoma yao ilirudi. Jibu la namna hiyo nalo ni huduma, kwani linaziokoa familia na gharama isiyo na faida.

Afrika Mashariki inajifunza nini?

Upasuaji wa ubongo si mgeni Afrika Mashariki. Mtaliano Renato Ruberti aliuwekea msingi Nairobi. Katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Jovan Kiryabwire anatambuliwa kuwa mzalendo wa kwanza wa eneo hili kufuzu fani hiyo. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, mjini Dar es Salaam, ilianzishwa mwaka 1996 na inapasua ubongo pia.

Kikwazo kikubwa ni mnyororo mzima: picha, maabara, upasuaji, mionzi na dawa. Pete moja ikikatika, nyingine hazina kazi. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika, na ilipofika mapema 2018 ndipo mpya ikazinduliwa. Kwa mgonjwa wa glioblastoma, muda huo ni mrefu kuliko maisha yenyewe.

Ni kwa sababu hiyo utafiti mwingine wa pamoja wa EORTC na Canada, wa mwaka 2017, unastahili kusomwa kwa makini katika nchi zenye mashine chache. Wagonjwa 562 wenye umri wa miaka 65 na zaidi walipewa mionzi kwa vikao 15 tu badala ya 30. Walioongezewa temozolomaidi waliishi vizuri kuliko wenzao: nusu yao zaidi ya miezi 9.3, ikilinganishwa na miezi 7.6. Vikao vichache maana yake ni foleni fupi, na kwa mgonjwa aliyetoka mbali ni siku chache za kulipia malazi mjini.

Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha vorasidenibu, dawa inayolenga hitilafu ya jeni katika glioma za daraja la chini. Dawa hiyo inahitaji kwanza maabara inayoweza kuitambua hitilafu hiyo. Kwa hiyo swali la siku zijazo ni lile lile lililokuwepo tangu siku za radiamu ya Katanga: tiba ikishapatikana, itamfikia nani?

Mwaka 1884 kijana wa London aliishi takriban mwezi mmoja baada ya upasuaji. Katika utafiti uliosimamiwa Brussels, karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi waliopewa dawa alikuwa hai miaka mitano baadaye. Tisa hawakuwa hai. Kazi ya kuwahesabu, na ya kuwatafutia wengine nafasi bora zaidi, bado inaendelea katika ofisi ile isiyo na vitanda.